Mpaka wa Spishi na Aina: Mhadhara kwa Watu wa Ruiri



Kuna swali ambalo wataalamu wa maumbile wamekuwa wakilijadili kwa zaidi ya miaka mia tatu na hawajalifunga, nalo ndilo mlilonialika nilieleze leo: mtu akiona wanyama wawili, au mimea miwili, iliyofanana kwa mengi na kuhitilafiana kwa machache, ajuaje kama aliyo nayo mbele yake ni spishi mbili zilizokwisha kutengana, au ni aina mbili tu za spishi moja? Asiyelizoea swali hili hudhani ni mchezo wa watu wa makumbusho, wanaobishana juu ya majina ya Kilatini huku dunia ikiendelea na shughuli zake. Walakini kwa jibu lake sheria hutungwa, fedha za kuhifadhi wanyama hugawanywa, dawa ya mbu hupulizwa au huachwa, na mkulima huambiwa ni mbegu gani aweza kuiweka akiba kwa mwaka ujao na ni ipi hana budi kuinunua tena.

Nanyi watu wa Ruiri mna haki ya kulisikia swali hili kuliko wengi, kwa sababu nchi yenu imekaa mahali pa maungano. Nyuma yenu, upande wa kusini, ni Mlima Kenya na misitu yake. Mashariki ni milima ya Nyambene na miraa yake. Na mbele yenu nchi inateremka na kukauka hata ifike nyika za Isiolo na Samburu, ambako huanza wanyama wa kaskazini wanaoenea kuelekea Ethiopia na Somalia. Pale nchi mbili zinapokutana ndipo viumbe wake nao hukutana, na ndipo hukumu za wataalamu, nyingi zikiwa zimeandikwa London, Paris na Berlin mbele ya ngozi na mafuvu yaliyoletwa kwa meli, hupimwa zikaonekana kama zina ukweli au hazina.

Rai nitakayoitetea ni hii: spishi haijulikani kwa sura, bali kwa mwenendo wa viumbe wenyewe pale wanapokutana, na pale wasipokutana, mtaalamu hana budi kuhukumu kwa dalili za mbali, na hukumu ya namna hiyo, hata ikiwa imetolewa kwa insafu, yaweza kubatilishwa na ushahidi mpya bila ya aibu kwa yeyote. Nitasema aina kwa maana ya tofauti zilizomo ndani ya spishi moja, ama zimeletwa na mkono wa mkulima, ama zimeletwa na nchi. Na pale ambapo aina ya porini ina nchi yake na sura yake maalumu, wataalamu huipa cheo cha nususpishi, ambacho kimekaa katikati ya hayo mawili.

Shahidi wa kwanza ambaye kila mtu humwita ni macho, naye mara nyingi husema kweli, lakini hatoshi. Twaeni mboga za bustani zenu. Kabichi ina kichwa kilichofungana, sukuma wiki ina majani yaliyo wazi juu ya shina refu, na koliflawa ni ua lililonenepa kabla ya kuchanua. Mgeni asiyejua kitu akipewa hizo tatu azipange, bila ya shaka ataziweka katika mafungu matatu. Kumbe zote ni spishi moja, Brassica oleracea, aliyoipa jina Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753, ambayo wakulima wa Ulaya waliichagua kwa karne nyingi, huyu akipenda jani, yule akipenda kichwa, na mwingine akipenda ua. Dalili ya umoja wake ni kwamba, zikiachwa zichanue kando kando, nyuki huchukua chavua ya hii akaipeleka kwa ile, na mbegu zipatikanazo huota vizuri kabisa, ila mboga itokayo humo haifanani na mama wala na baba, na sokoni haina mnunuzi.

Ikiwa macho yaweza kuona watatu mahali penye mmoja, yaweza pia kuona mmoja mahali penye wengi, na mfano wake ni mbu. Kwa muda mrefu mbu aitwaye Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria katika Afrika, alihesabiwa kuwa ni spishi moja, ijapokuwa tabia zake zilikuwa zikipingana: hapa akizaliwa katika vidimbwi vya mvua, na pwani katika maji ya chumvi, hapa akimwandama binadamu, na kule akiridhika na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa London, Davidson, aliwazalisha katika maabara mbu waliotoka mahali mbalimbali, akaona kwamba katika baadhi ya michanganyiko hiyo madume waliozaliwa hawakuwa na uwezo wa kuzaa. Hapo ikadhihirika kwamba chini ya vazi moja mlikuwa na spishi kadhaa. Miongoni mwao ni Anopheles arabiensis, ambaye amejaa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na Anopheles merus, ambaye ndiye mwenye yale maji ya chumvi ya pwani. Faida ya kuwatambua ilionekana mara moja, kwa sababu dawa inayopulizwa kwenye kuta za nyumba humwua mbu anayeuma na kupumzika ndani, ilhali arabiensis, ambaye aghalabu huuma na kupumzika nje na tena humfuata ng'ombe zizini, huiepuka. Asiyejua kwamba ni spishi mbili atashangaa kwa nini dawa ile ile imefaulu katika kijiji kimoja na kushindwa katika kingine.

Basi ikiwa macho hayatoshi, wataalamu walitafuta kipimo katika uzazi. Mwingereza John Ray, katika kitabu chake juu ya mimea kilichoanza kutoka mwaka 1686, alishika kaida ya mbegu: tofauti zozote zitokeazo katika mimea iliyoota kwa mbegu za mmea mmoja ni za bahati tu, na spishi moja haizaliwi kutoka katika mbegu ya nyingine. Kaida hii mkulima wa mahindi anaijua pasipo kumsoma Ray. Mahindi mahuluti, ambayo mbegu zake zilianza kutolewa kutoka Kitale katika miaka ya 1960, hulingana shambani mwaka wa kwanza, lakini mkulima akiitoa mbegu katika mavuno yake akaipanda tena, hupata marefu na mafupi, yenye magunzi makubwa na madogo, yaliyowahi na yaliyochelewa. Tofauti zimetawanyika, lakini umahindi wenyewe haukutoka mahali pake. Na hicho kilichobaki ndicho spishi.

Kwa wanyama jambo hili lilifikiriwa mapema zaidi. Miaka mia nane kabla ya Ray, al-Jahiz wa Basra, mwenye Kitab al-Hayawan, aliwakuta watu waliodai kwamba twiga amezaliwa kwa mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe wa mwitu na fisi, kwa kuwa ana shingo ya mmoja, kwato za mwingine na madoa ya wa tatu. Naye dai hilo hakulikubali. Wenye kudai hivyo walihesabu viungo, wasiulize kama kuna aliyepata kumwona ngamia na fisi wakizaa mtoto, na mtoto huyo akazaa naye. Swali hili la pili ndilo zito, kwa sababu kuzaa mtoto mmoja si ushahidi wa kutosha. Punda na farasi huzaa baghala, mnyama mwenye nguvu na subira, lakini baghala hana kizazi. Nasaba zile mbili hukutana ndani yake, na ndani yake hukoma. Huku kwetu mlimani, mlowezi wa Nanyuki aitwaye Raymond Hook alizalisha watoto wa farasi na punda milia, nao wakabebeshwa mizigo ya wapanda Mlima Kenya. Walifaa kwa kazi, walakini hawakuanzisha ukoo wao, kwa kuwa farasi ana kromosomu 64 na punda milia wa Grevy, ambaye nitamweleza punde, ana 46, na hesabu hizo mbili hazipatani sawasawa pale mwili unapotaka kutengeneza mbegu za uzazi.

Kutokana na mambo ya namna hii, Ernst Mayr, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1942 ile kaida ambayo walimu wengi wa bayolojia huifundisha hata leo, kwamba spishi ni jamii za viumbe zinazozaana zenyewe kwa zenyewe katika maisha yao ya asili, na ambazo kwa uzazi zimetengwa na jamii nyingine za namna hiyo. Naomba mlishike neno moja katika kaida hiyo, nalo ni maisha ya asili. Mayr hakuuliza kama wanyama wawili waweza kuzaana wakifungiwa katika zizi moja, kwa maana zizi humlazimisha mnyama kukubali asichokitaka. Aliuliza kama huzaana porini, wakiwa huru kuchagua.

Sasa na tuipime kaida hii hapa karibu, katika hifadhi ya Lewa na nyika zilizo chini yake, ambako punda milia wa namna mbili hulisha pamoja hata mgeni akadhani ni kundi moja. Punda milia wa kawaida ana mwili wa wastani na milia mipana inayoshuka hata tumboni. Yule wa Grevy ni mkubwa kuliko yeye, ana milia myembamba iliyosongamana, tumbo jeupe, na masikio makubwa ya mviringo. Alipewa jina na Oustalet wa Paris mwaka 1882, kwa heshima ya Jules Grévy, rais wa Ufaransa, ambaye alipelekewa mnyama huyo kutoka Uhabeshi. Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko milia ni ya maisha. Dume wa kawaida huishi na majike wake na watoto wao, akihama nao kila waendako, na jike huweza kukaa na dume mmoja kwa miaka. Dume wa Grevy hushika nchi, wala hashiki majike: hujichagulia eneo lenye malisho na njia ya maji, akalilinda dhidi ya madume wenziwe, na majike hupita humo na kutoka kwa hiari yao. Fauka ya hayo, jike wa Grevy huchukua mimba kwa takriban miezi 13, na wa kawaida kwa takriban 12.

Kama mambo yangekoma hapo, hukumu ingekuwa nyepesi. Walakini katika hifadhi ya Ol Pejeta, upande wa Laikipia, ambako wa Grevy walikuwa wachache katikati ya wengi wa kawaida, walionekana wanyama wenye milia isiyo ya huyu wala ya yule, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulithibitisha kwamba ni machotara, baba zao wakiwa wa Grevy na mama zao wa kawaida; tena machotara hao hawakuwa kama baghala, kwani majike wao nao walizaa. Kromosomu 46 za mmoja na 44 za mwingine zimekaribiana kiasi cha kuruhusu jambo hilo. Je, tuseme basi kwamba Oustalet alikosea, na kwamba punda milia hawa ni aina mbili tu?

Wataalamu hawakusema hivyo, na sababu zao zafaa kufuatwa kwa utaratibu, kwa kuwa humo ndimo ulimo ustadi wenyewe. Kwanza, uchotara huo ulitokea pale uwiano ulipoharibika, madume wa Grevy wakikosa majike wao na kuwageukia wa jirani. Ilhali mahali ambapo jamii zote mbili zina wanyama wa kutosha, kila mmoja aghalabu hurudi kwa wake. Pili, mtoto chotara hulelewa na mamaye katika jamii ya kawaida, akajifunza desturi za huko, akazalia huko; kwa hivyo damu ya Grevy huingia upande mmoja, na upande wa Grevy wenyewe haupati mchanganyiko huo. Tatu, na hii ndiyo hujja kubwa, spishi hizi mbili zimenywa maji ya mito ile ile kwa vizazi visivyohesabika na bado kila moja ina milia yake, sauti yake na ndoa yake. Uchotara kwao ni tukio, wala haujawa kaida. Na mpaka unaovukwa mara chache, na wachache, bado ni mpaka.

Mtaona uzito wa hujja hiyo mkilinganisha na kuro. Kuro wa mashariki ana duara jeupe lililochorwa matakoni, na kuro wa magharibi ya Bonde la Ufa ana matako meupe yote; ukiwatazama walio mbali na mpaka, huyu pwani na yule Uganda, utasema ni spishi mbili, na kweli zamani wapo waliosema hivyo. Lakini wanapokutana, kama katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, huzaana pasipo kizuizi, na alama za matakoni huonekana za kila namna, kuanzia duara kamili hata weupe mtupu. Hapo mpaka umeyeyuka wenyewe, na wataalamu wakawashusha kuwa nususpishi za spishi moja. Tofauti ya sura kati ya kuro hao haikuwa ndogo. Iliyopungua ni tofauti ya mwenendo, nayo ndiyo iliyohukumu.

Mpaka hapa nimesema juu ya wanaokutana. Ugumu huzidi kwa wale ambao nchi imewatenga, kwa maana hapo kipimo cha makutano hakipatikani, na hakimu hubaki na dalili. Twiga wa kaskazini mwa Kenya, mnayemwona Isiolo na Samburu, ana mabaka makubwa ya kahawia iliyokoza, yenye kingo zilizonyooka, yaliyotengwa na mistari myeupe iliyo safi. Twiga wa Kimasai, aliye kusini ya Mto Tana, mabaka yake yamechanikachanika kingo. Linnaeus mwaka 1758 aliwapa twiga wote jina moja. Mwaka 1899 Mwingereza de Winton alimpa twiga wa kaskazini jina lake la kitaalamu, na katika karne iliyofuata wengi wakamhesabu kuwa nususpishi, wakisema kwamba mabaka ni nguo tu, na kwamba twiga mbalimbali wakiwekwa pamoja katika bustani za wanyama huzaana bila ya taabu.

Hoja hiyo ya bustani za wanyama, kama nilivyokwisha sema, ni hoja ya zizini, nayo ni dhaifu. Ndipo wataalamu walipogeukia vinasaba, si kwa sababu vinasaba vina siri ya neno spishi, bali kwa sababu vimeandika ndani yake kumbukumbu ya ndoa za zamani: viumbe waliokuwa wakichanganya damu huonekana wamechanganya, na wasiochanganya huonekana hivyo. Mwaka 2016 uchunguzi wa twiga wa nchi nyingi za Afrika ulitoa hukumu kwamba kuna spishi nne. Wengine wamehesabu tatu, wengine sita, wengine nane. Mwezi Agosti 2025 Muungano wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, ule uitwao IUCN, ulizikubali nne, na kwa hesabu hiyo Kenya peke yake ina tatu. Lililowashangaza wengi ni kwamba kati ya twiga wa kaskazini mwa Kenya na yule wa Kimasai hakuna bahari wala ukuta wa milima, na miguu ya twiga si mifupi. Njia ya kukutana ilikuwapo, na damu zao hazikuchanganyika kwa kadiri ambayo mtu angetazamia. Kwa hivyo hata hapa, ukichunguza vizuri, kipimo ni kile kile cha makutano, ila shahidi wake amesoma habari za karne zilizopita badala ya kungoja za mwaka huu.

Mbuni naye amepita njia hiyo. Dume wa nyika za Isiolo na Somalia ana shingo na mapaja ya rangi ya buluu iliyofifia, na yule wa nchi ya Kimasai ana ngozi ya waridi. Reichenow wa Berlin alimpa wa kwanza jina mwaka 1883, akaja kushushwa, na mwaka 2014 akarudishiwa cheo cha spishi, kwa kuwa vinasaba vyake vimesimama mbali, naye hupendelea vichaka pale ambapo mwenziwe hupendelea nyika zilizo wazi.

Hayo ni ya chini. Mkipanda juu, mahali ambapo miti ya msitu imekwisha na nyasi zimeanza kuganda usiku, mtazikuta lobelia zile kubwa, na humo katika mlima mmoja mna mifano yote miwili, wa makutano na wa utengano. Lobelia telekii, yenye jina la Teleki, yule Mhangari aliyeupanda Mlima Kenya mwaka 1887 bila ya kufika kileleni, hukaa kwenye miteremko mikavu, huishi miaka mingi bila ya ua, kisha huchanua mara moja na kufa. Jirani yake, aliyezoeleka kuitwa Lobelia keniensis, hukaa penye umajimaji, huwa na matawi, na tawi moja likichanua na kufa mengine huendelea. Ndege mmoja, chozi wa mlimani, huzitembelea zote mbili, na machotara hupatikana mara chache. Lakini kila moja imeshika mahali pake na desturi yake ya kuishi, na hakuna anayezihesabu kuwa moja. Walakini swali likiwa ni juu ya uhusiano wa hii keniensis na lobelia ya Kilimanjaro, Lobelia deckenii, ambayo haijapata kukutana nayo kwa sababu kati ya milima hiyo pamelala nyika yenye joto isiyovukika kwa mmea wa baridi, wataalamu hugawanyika: wengine wameihesabu kuwa nususpishi yake, wengine wameipa cheo cha peke yake. Vielelezo vya zote mbili vilivyokaushwa vimo katika hazina ya mimea ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Atakaye aweza kwenda kuvitazama vyote viwili, na bado akatoka na rai yake mwenyewe.

Kwa nini mambo yawe hivi? Charles Darwin alilijibu hilo mwaka 1859, na jibu lake halijapatikana la kulishinda: aina iliyo dhahiri ni spishi inayoanza, na spishi ni aina iliyokwisha kwenda mbali. Ikiwa viumbe hutengana kidogo kidogo, lazima wakati wowote ule wengine wawe mwanzo wa safari, wengine katikati, na wengine mwisho. Na anayetaka mpaka mkali kila mahali anataka safari isiyo na njia. Mnalijua jambo hili katika ndimi zenu. Mtu wa Imenti huelewana na wa Tigania, wa Tigania na wa Igembe, na ukishuka kupita Tharaka na Chuka hata Embu, kila jirani huelewana na jirani yake. Lakini ukimchukua wa mwisho wa huku ukamkalisha na wa mwisho wa kule, maelewano hupungua, na hakuna kijiji ambacho waweza kusema kwamba hapa ndipo lugha moja ilipokoma.

Tena safari hiyo haiendi upande mmoja tu. Wakulima wa kahawa wa Meru wanazijua SL28, SL34, Ruiru 11 na Batian, nazo zote ni aina za spishi moja, arabika, yenye kromosomu 44. Robusta, inayolimwa sana Uganda, ni spishi nyingine, yenye 22. Lakini vinasaba vimeonyesha kwamba arabika yenyewe ilizaliwa zamani kwa kuungana kwa robusta na spishi ya mwitu iitwayo Coffea eugenioides, kila upande ukileta hesabu yake kamili, na kwa hivyo mtoto akasimama akawa spishi ya tatu. Na katika kisiwa cha Timor arabika na robusta zilichanganyika zenyewe kwa zenyewe, ukatokea mti wenye kinga ya kutu ya majani, ambao damu yake imo ndani ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985. Mkulima anayeipanda leo ananufaika kwa sababu mpaka wa spishi mbili ulivukwa siku moja katika kisiwa cha mbali.

Nimeuweka mwisho mfano unaowagusa zaidi. Mmea alioueleza Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyefia Yemen mwaka 1763, na ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 baada ya kufa kwake, ni mmoja tu, Catha edulis. Humu nchini unaitwa miraa kwa watu wa Meru na muguka kwa watu wa Embu: wa Igembe na Tigania ni mti, na hutafunwa maganda ya machipukizi yake, wa Mbeere ni kichaka kifupi, na hutafunwa majani yake. Wauzaji nao wana giza, kangeta na alele, ambayo ni madaraja ya soko. Kwa mtaalamu wa mimea madaraja si kitu, na miraa na muguka ni aina mbili za spishi moja, zilizodumishwa na mikono ya wakulima wanaopanda machipukizi badala ya mbegu, hata kila shamba likarithi mti wa shamba la baba. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotoa amri ya kuzuia muguka, watu waliulizana kama vitu hivyo ni kimoja au ni viwili. Jawabu la insafu ni kwamba sheria yaweza kuvitenga kwa sababu za biashara, za afya au za kodi, na hoja hizo zijibiwe kwa hoja za namna yake. Lakini haina ruhusa ya kusema kwamba imefunzwa hivyo na mimea.

Wala cheo kidogo kisichukuliwe kuwa ni thamani ndogo. Bongo wa milimani, ambaye porini amebaki katika misitu michache ya Kenya na idadi yake haifiki mia moja, ni nususpishi tu. Wenziwe wa misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi ni wengi kuliko yeye kwa mbali. Ukihesabu spishi peke yake utasema hakuna hatari. Ukihesabu safari ambayo maumbile yamekwisha kuianza katika Mlima Kenya na Aberdare, ambayo haitaanzwa tena ikikatika, utasema hatari ni kubwa. Nami nasema hivyo.

Basi mkiletewa viumbe wawili na kuulizwa, msianze na rangi. Ulizeni kama hukutana katika nchi moja. Wakikutana, ulizeni kama huzaana kwa hiari, kama watoto wao huzaa, na kama mchanganyiko huo umebaki ukingoni au umeenea hata ukameza pande zote mbili. Wasipokutana, ulizeni damu zao zimetengana tangu lini, na kila mmoja anaishi vipi. Kisha toeni hukumu, na pamoja nayo toeni sababu, ili atakayekuja na ushahidi bora ajue ni wapi pa kuisahihisha.

Ushahidi huo hauwahusu wenye maabara peke yao. Tangu mwaka 2016 watu wa kawaida, wakiwemo wachungaji na watoto wa shule, wamekuwa wakishiriki katika hesabu ya punda milia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya, wakipiga picha za ubavu wa kulia wa kila mnyama, kwa kuwa milia ya mmoja hailingani na ya mwingine. Na kwa picha hizo hujulikana nani yuko hai, nani amezaa, na ni wapi. Wa Grevy waliobaki duniani ni takriban 3,000, na wengi wao wako katika nyika zinazoanza chini ya mashamba yenu. Kijana wa Ruiri anayejua kutofautisha tumbo jeupe na tumbo lenye milia, akaandika tarehe na mahali, na asiyeona haya kuandika pia kwamba amemwona chotara, anafanya kazi ile ile waliyoifanya Oustalet na Mayr, naye amewazidi kwa kuwa viumbe wenyewe anao mbele yake.